Upande wa Ukungu

“Hivi mwenzangu, ukijifunika lile shuka jeusi unamwona nani huko ndani, hata unakaa kama mtu aliyepotea njia?”

Aliyeuliza ni jirani yake, mshonaji wa chumba cha pili, asubuhi moja kila mtu akifagia mbele ya mlango wake. Mama Shuka akacheka, akasema anawatafuta wateja wake waliokimbilia kwenye simu. Mshonaji naye akacheka, akaingia ndani kwenye cherehani yake. Yakaishia hapo. Lakini ufagio wa Mama Shuka ulibaki ukizunguka mahali pamoja, kwa maana aliyekuwa akimwona chini ya shuka lile alikuwa binti wa huyo huyo aliyeuliza, na binti huyo alikuwa kaburini mwaka wa pili sasa.

Jina la Mama Shuka alipewa na watoto wa mtaa. Kamera aliyoachiwa na marehemu mumewe ni kubwa kama sanduku la nguo, imesimama juu ya miguu mitatu, na haichunguliwi kwa kijitundu kama kamera nyingine. Mpigaji hujifunika shuka jeusi kichwa na mabega, akatazama kioo chenye ukungu kilicho mgongoni mwa kamera. Hapo kiooni humwona aliyeketi, kichwa chini miguu juu. Akisogeza lenzi mbele na nyuma, sura huzama na kuibuka, mpaka kope zihesabike. Ndipo hutoka shukani, akachomeka filamu mahali pa kile kioo, na tangu hapo kamera haimwonyeshi kitu tena. Humwamini tu aliyeketi kwamba hatasogea hata unywele. Watu na simu zao walikuwa bado wanamjia kwa picha moja ya maisha, ile ya kutundika sebuleni.

Mshonaji alimleta bintiye kwa picha ya namna hiyo, siku mbili kabla hajasafiri kwenda kuanza kazi ya uuguzi.

“Nataka picha isiyo na doa,” alisema. “Huyu ndiye niliyenaye, sina wa akiba.”

Kwa mapenzi tu, asubuhi ile Mama Shuka alifungua fremu ya nyuma ya kamera, akakitoa kioo, akakiosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, akakikausha na kukirudisha. Kazi hiyo hakuwahi kuifanya. Enzi za mumewe, kioo kile kilikuwa hakiguswi na mkono mwingine.

Mawingu yalikuwa mazito na mwanga hafifu, ikabidi afungue tundu la lenzi lote. Binti akaketi, mikono mapajani. Mama yake mlangoni hakuisha maneno. “Kaa wima! Bega hilo. Tulia, umekalia siafu? Mtoto huyu tangu tumboni hajatulia.”

“Mama mdogo,” binti akamnong’oneza Mama Shuka, “mtoe huyo nje, ama sivyo utanipiga nikiwa nimenuna mpaka wajukuu wanikimbie.”

Kwa bahati mteja akamwita mshonaji, akaondoka. Wakabaki wawili. Mama Shuka akamwambia binti avute pumzi, aishike, asitikisike mpaka aambiwe. Akasimama kando ya kamera, akafungua lenzi, akahesabu, akafunga. Binti alitulia kama maji ya mtungini. Hata kope hazikupepesa. Mama Shuka alipendezwa na utulivu ule hata akasahau kumwambia kwamba imekwisha, na binti akauliza mwenyewe, midomo haichezi:

“Mama mdogo, nipumue sasa?”

Wiki ya tatu simu ikapigwa. Homa ya siku tatu tu. Mungu amrehemu.

Picha ilisafishwa baada ya mazishi. Msuko wa nywele uliopita nyuma ya sikio ulionekana uzi kwa uzi, na pazia la nyuma ungeweza kuhesabu nyuzi zake. Lakini macho yalikuwa kama ya mtu anayetazamwa kupitia mvuke wa chungu. Mshonaji aliishika karatasi kwa mikono miwili, waombolezaji wakichungulia begani mwake.

“Mbona hanitazami?”

Mama Shuka aliona macho yote yamemgeukia yeye na kazi yake ya miaka mingi. Ulimi hauna mfupa.

“Alitikisika, dada.”

Basi. Neno moja tu. Mshonaji akaitundika picha juu ya cherehani, na kwa kuwa ukuta kati yao ni wa mbao, Mama Shuka akawa anasikia kila asubuhi, chai ikiwa mkononi. “Ungetulia dakika moja! Dakika moja tu, mwanangu, leo ningekuwa na macho yako. Mkaidi wewe. Nilikwambia tulia, hukunisikia.” Kisha kimya, kisha kamasi zikivutwa, kisha cherehani ikaanza.

Tangu hapo, yeyote aliyeketi kwenye kile kiti, awe bwana harusi au bibi mwenye meno mawili, sura ya kwanza kuibuka kiooni ilikuwa ya binti. Kichwa chini, mikono mapajani, ametulia. Hakuwa akitisha. Alikuwa akingoja tu kuambiwa apumue. Mama Shuka alikuwa akisali kabla ya kuingia shukani, akasali tena akitoka, jasho likimchirizika. Aliwaombea wagonjwa, akawaombea wasafiri, akamwombea binti mapumziko mema. Neno lake lile moja hakulitaja, kana kwamba Mungu hakuwemo chumbani siku ile.

Ndipo mwalimu mkuu mmoja mstaafu akairudisha picha yake.

“Mama, umepiga masikio,” alisema kwa upole. “Nami nilikuja na uso.”

Mama Shuka akasema macho yake yamezeeka. Akaichomoa fremu ya nyuma ya kamera pamoja na kioo chake, akaifunga kwa taulo, akaenda kwa fundi saa, rafiki wa marehemu mumewe, ambaye droo zake zina lenzi za kila aina.

“Shemeji!” fundi akasimama. “Umeniletea keki?”

“Nimekuletea macho yangu. Nitafutie kitu cha kunisaidia kuona kiooni. Sioni tena picha inapokaa sawa.”

Fundi akampangia mezani. Kwanza ile lenzi yake ya kubana jichoni. Mama Shuka akaibana, ikaanguka mara mbili, na mara ya tatu pumzi yake ikaitia ukungu. “Hii yataka mtu mwenye shavu,” fundi akasema, “wewe umefunga sana.” Ya pili ilikuwa lenzi kubwa ya mpini, ya wazee wa kusoma magazeti. Ilikuza vizuri, lakini mkono ulipotikisika kidogo sura nayo ikayumba, na chini ya shuka mkono mmoja unahitajika kuzungusha lenzi ya kamera. Ya tatu ilikuwa kikombe kidogo cheusi chenye kioo juu, cha kusimamishwa juu ya kioo cha kamera kama bilauri juu ya meza.

“Hii ndiyo ya kazi yako. Usiikimbilie sura. Kwanza izungushe shingo mpaka uzione chenga za ukungu wa kioo, kama sukari. Ukiona sukari, ndipo utafute jicho la mtu. Weka fremu kama inavyokaa kwenye kamera, nikuonyeshe.”

Mama Shuka akaiweka. Fundi akasimamisha kikombe, akakisogeza. Kikakwaruza, krrr, kama mguu wa kiti juu ya saruji.

Fundi akakiondoa kikombe. Akapitisha ukucha juu ya kioo, akaugeuza mkono, akapitisha na upande wa chini.

“Shemeji, kioo hiki nani alikirudisha?”

“Mimi. Nilikiosha.”

“Upande wa ukungu umeutazamisha nje. Unatakiwa kutazama ndani, kwenye lenzi. Sura ilikuwa ikikusimamia upande wa nje wa kioo, na filamu yako inakaa ndani. Kila unachokipiga, ukali unarukia nyuma yake. Penye jua, ukibana tundu, kosa linajificha. Penye mawingu halijifichi.” Akacheka. “Macho yako mazima kuliko meno yangu. Dakika moja tunakigeuza.”

Mama Shuka hakucheka.

“Shemeji, na mtu akitikisika?”

“Akitikisika anavurugika mzima, nywele, masikio, na vifungo vya shati. Hilo unalijua kunizidi.”

Alilijua. Alilijua tangu siku alipouona ule msuko uzi kwa uzi.

Fundi akakigeuza kioo, akamfungia kile kikombe kwa kamba ya kiatu, akamvika shingoni. Mama Shuka akatembea kurudi nyumbani, fremu kwapani. Njiani shetani hakukosa la kusema: kioo kimegeuka, picha zitatoka safi, nani ataulizia tena? Fundi hajui habari ya binti. Mshonaji hajui habari ya vioo. Ukisema, utampoteza jirani wa miaka ishirini, na mtaa mzima utajua kwamba ulimsingizia maiti. Alifika mlangoni pake, akatia ufunguo, na ndani ya kichwa chake, wala si kwa masikio, akaisikia ile sauti ndogo ikiuliza kama sasa inaweza kupumua.

Akaacha ufunguo pale pale kitasani, akaenda mlango wa pili.

“Karibu,” mshonaji akasema bila kuinua kichwa. “Leo shuka limekutapika mchana mchana? Na hicho shingoni ni hirizi?”

“Dada, simamisha cherehani.”

Akamweleza yote akiwa amesimama, kuanzia sabuni na maji ya vuguvugu hadi ukucha wa fundi. Hakujipunguzia. Akasema alimwona binti kwa macho yake, kwamba hakupepesa, na kwamba lile neno “alitikisika” alilitoa kwa kuogopa watu. Mshonaji alikuwa ameshika gurudumu la cherehani kana kwamba litakimbia. Mguu wa suruali ya mtu ulining’inia, nusu umeshonwa.

“Kwa hiyo alitulia,” akasema.

“Alitulia mpaka akaniuliza kama apumue.”

“Na mimi asubuhi zote hizi…” Hakumaliza. Aliinua macho akaitazama picha, akayashusha upesi, kama aliyekutwa akiiba. Huko nje mtu aliita, akachoka, akaondoka.

Mama Shuka hakuomba msamaha, maana aliona huo si wa kuombwa siku hiyo hiyo. Aliomba jambo jingine.

“Kesho asubuhi nigombeze mimi. Nitakuja nisimame hapa, na keshokutwa pia. Yeye naomba usimgombeze tena.”