Kikombe cha Kasiksi na Picha ya Mapafu

Sijui kama nina haki ya kuandika habari za mapafu, mimi niliyeishia darasa la pili la sekondari. Lakini picha ile niliiona kwa macho yangu, na kosa lililoitangulia lilikuwa langu. Acha niliandike.

Jumapili moja jirani yetu hapa Nyalukemba, mama mjane anayepika kasiksi, pombe yetu ya ndizi, alimletea mume wangu kikombe. Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele yako, ujue hakuna kitu ndani. Siku ile hakuonja. Kwa mkono wa pili alikuwa ameshika ndoo na alikuwa na haraka. Ndoo na haraka ile nilivikumbuka baadaye, nilipaswa kuvikumbuka mapema. Jumanne mume wangu akashikwa na homa na kikohozi. Ijumaa hakuweza kumaliza sentensi bila kupumzika, tukampeleka hospitali, wakamwekea oksijeni.

Jirani alikuja na mchuzi wa kumpelekea mgonjwa. Nilisimama katikati ya mlango wa nyumba yetu. "Asante mama, amekwisha kula." Alitazama sufuria yake, akarudi nayo.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akashuka hospitali kutoka kwake Kasha. "Hii iko karuho," alisema, yaani ile sumu ya polepole ambayo huku kila mtu anaiogopa. "Si wewe mwenyewe ulisema yule mama hakuonja?"

Ni kweli, nilisema.

"Basi tumutoe hapa leo. Tumupeleke kwa muzee wa dawa, amutapishe."

"Tungoje kwanza picha ya skana," nikasema, maana kifua chake kilikuwa kimekwisha kupigwa picha.

"Skana haionake sumu."

"Na kama haiko sumu?"

"Atatapika uji. Uji haiuwake mutu."

Mgonjwa akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Mimi sikucheka. Asubuhi nilikuwa nimemwondolea oksijeni kidogo ili anywe uji, nikaona midomo yake inabadilika rangi. Kwa mzee wa dawa ni mbali, na njia yote angekwenda bila oksijeni.

Nilitembea kwenye ukumbi wa hospitali, nikakaa, nikasimama, nikasoma tangazo la kunawa mikono sijui mara ngapi. Kwa muda fulani nilitamani picha imshitaki jirani, ili niwe sijamkosea. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Daktari, msichana bado, akatuita sote wawili mbele ya kompyuta. Mashine ilikuwa imekata kifua cha mume wangu vipande vyembamba kama mkate.

"Nyeusi njo hewa," alisema. "Muone sasa hapa chini, karibu na mbavu, kuume na kushoto. Iko nyeupe kidogo, kama kioo ya dirisha wakati unaipulizia pumuzi. Mara mingi virusi njo inaachaka alama kama hii. Jina ya virusi, picha haiwezi kusema. Tunangoja kipimo ya mu pua."

Shemeji akaweka kidole juu ya kidoti kimoja cheupe sana. "Na hii? Hii njo sumu."

"Alifanyaka kazi gani zamani?"

"Alichimbaka dhahabu kule Luhwindja," nikajibu.

"Inaweza kuwa kovu ya vumbi. Haiko ya juma hii."

Nikamuuliza sumu huonekana namna gani. Hakunicheka. "Mama, sioni kitu ya kunifanya nifikiri sumu. Ila kitu moja najua: mukimutoa oksijeni, hatafika kwa ule muzee."

Shemeji akaondoa kidole chake kwenye kompyuta. Nisimwonee: yeye ndiye aliyekaa kumpangusa kaka yake jasho siku zote zilizofuata, na habari ya mzee wa dawa hakuirudia tena. Kipimo cha pua kikaja, ni virusi kweli.

Mume wangu aliporudi nyumbani, bado anasimama mara mbili kabla ya kumaliza ngazi, nilikwenda kwa jirani.

"Niliwaza vibaya juu yako, mama," nilisema.

"Nilijua," akajibu. "Mulango yako ilisema."

Akamimina kasiksi. Nilinyoosha mkono haraka, nipokee kabla hajaonja. Akakivuta kikombe kwake. Akanywa funda moja polepole, akinitazama, akameza, ndipo akanipa.

"Kunywa sasa."

Nikanywa mpaka mwisho. Hakuniambia kama amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza.