Wimbo wa Ayoo na Elmina

Elmina Nyamwange alikuwa anakunywa chai kwenye hoteli ya Opondo pale Sotik redio ilipoanza kupiga wimbo wake. Kikombe kikamsimama mdomoni. Kinanda kilikuwa kimeongezwa na maneno yamekuwa ya Yesu, lakini sauti ile, inavyopanda na kushuka, aliijua kama anavyowajua wanawe.

"Huyo ni Valary, wa kanisa la Merigi," Opondo alisema. "Amesema hewani wimbo ulimjia akiomba."

Elmina hakumaliza chai.

Kwa miaka mingi alichuma majani chai Kericho, na ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Asubuhi, umande umewalowesha mpaka kiunoni, yeye alianza na safu nzima ya wanawake ikaitikia, vikapu mgongoni, mikono haitulii. Mwanzo wa wimbo huu aliupata kwa Ayoo, jirani yake kutoka upande wa ziwa, aliyeuimba akimlilia mamake. Elmina akauongezea mwendo, akatia maneno ya Kikisii ya kumcheka msimamizi. Lakini kila alipouanza, alipaza sauti kwanza: "Huu ni wa Ayoo!" Na Ayoo akajibu kwa kigelegele kutoka mwisho wa safu.

Kisha zikaja mashine za kuchuma. Ayoo akarudi kwao, Elmina akahamia Sotik kuuza ndizi.

Jumapili alienda Merigi. Ibada ilipoisha, akamsubiri Valary nje ya kanisa.

"Mwanangu, ule wimbo uliutoa wapi?"

"Nilitunga, mama."

Elmina hakubishana. Aliuimba palepale, polepole, pamoja na sehemu ya pili ambayo redio haikuwa nayo. Valary akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mamangu alikuwa anatuimbia hiyo tukiwa wadogo," akasema. "Alichuma chai huko Kericho. Maneno niliandika mimi, kweli, basi nikaona wimbo wote ni wangu."

"Maneno ni yako, sikatai. Na kuimba, imba tu. Hata mimi niliazima. Lakini mimi nilisema nimeazima kwa nani. Wewe umesema umepewa na Mungu."

Valary aliinamisha kichwa. "Pole, mama. Sasa nifanye nini?"

"Tutaje, mimi na Ayoo aliyeniazima."

Aliwataja kweli, kanisani na baadaye redioni, ingawa kwenye rekodi yenyewe jina lilibaki moja, la Valary. Opondo alimpa Elmina chai ya bure na kumwita msanii. Elmina alicheka, akafurahi, lakini kuna kitu kilibaki kinamkereketa moyoni.

Wiki hiyo alipanda mpaka kwenye shamba la zamani, akasimama kando ya barabara. Majani yalikuwa ya kijani kilekile. Wanaume wawili waliikokota mashine juu ya michai, wamejifunga vitambaa usoni, hawasemezani. Kwa mngurumo ule, hata mmoja angeanzisha wimbo, mwenzake hangesikia.