Wa Kushika Kasia

Uvuvi wa mshipi wima ni kazi ya watu wawili, na kwa miaka mingi tulikuwa wawili. Mimi nashona nguo mtaani Malvern. Yeye alikuwa kinyozi ng'ambo ya barabara. Jumatatu, siku ambayo vichwa vya kunyoa huwa vichache, tulifunga boti yake ya mpira juu ya gari, tukashuka kusini hadi mto Vaal kutafuta kambare.

Ukitaka kujaribu, si vigumu. Usirushe ndoano mbali. Teremsha risasi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, yenye ndoano moja kwa moja chini ya boti mpaka iguse mwamba. Utajua, kwa sababu mshipi utalegea ghafla. Iinue kadiri ya shubiri mbili, kisha ishushe taratibu, mkono ukiifuata, maana kambare huidaka inaposhuka. Ila mshipi lazima uwe wima. Ukilala, risasi inanasa kwenye mawe, na samaki akigusa hutahisi kitu. Ndiyo maana mwenzako hushika kasia, akiirudisha boti kidogo kidogo kila upepo unapoisukuma.

Mwenzangu alitoka Uvira, na akishika kasia ulimi wake haukupumzika.

"Ndugu, mushipi yako imelala sawa mulevi ku arusi. Iamushe."

Mwaka jana alihamia Kanada na mkewe. Boti akaniachia.

Nilikwenda peke yangu mara kadhaa, fimbo ya mshipi mkono huu, kasia mkono ule, na kila mara mawe yalibaki na risasi zangu. Niliwaalika wateja. Wanampenda samaki akishakaangwa. Mwishowe nikajiambia: nikishindwa mara hii, boti naiuza.

Siku hiyo nilifunga ndoo ya plastiki kwa kamba, nikaizamisha upande unakotoka upepo. Ilijaa maji, na boti ikapunguza mwendo kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba yake. Mshipi ulijivuta polepole, ukasimama. Nikainua, nikashusha. Mguso ulikuja mdogo, kama mtu anayekugusa bega kanisani wakati wa sala.

Alikuwa kambare mzuri, wa urefu wa mkono wangu. Nilimpandisha, nikageuka nyuma kumwonyesha mtu.

Nikamrudisha majini. Kisha nikampigia simu mwenzangu.

"Mushipi ilisimama?" aliuliza.

"Ulisimama."

"Nani alishika kasia?"

"Ndoo."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia kwamba huko naye anavua kwa njia ileile, samaki mrefu wa mtoni mwenye meno makali, wanamwita maski. Boti anayokodi ina mota inayoishikilia mahali pamoja yenyewe, bila mtu.

"Inanishinda hata miye kwa kushika," alisema. "Ila haitukane mutu."

"Hata ndoo haitukani."

 

"Basi teremusha tena," alisema. "Nitatukana miye."

Niliweka simu juu ya ubao wa kukalia, sauti nikaipandisha, nikateremsha risasi mpaka ikagusa mwamba.

"Imelala," alisema, ingawa hakuona kitu.

Nilitazama. Mshipi ulikuwa umesimama wima kabisa. Hata hivyo niliuvuta kidogo, nikaunyosha.