Jumapili Nilipoosha Gari la Baba

Juzi nilikuwa Mwanza kwa shughuli za ofisi, na gari nililopewa lilikuwa limerudi kutoka Magu likiwa na rangi ya barabara. Dereva akanipitisha Igoma, kwenye sehemu ya kuoshea magari. Kijana mmoja akalipiga maji ya mashine, akalimwagia povu jeupe, akalifuta kwa taulo, na kabla sijamaliza soda yangu akawa ananiuliza, "Nipulizie na waksi, mama?" Akatikisa kichupa, akapuliza huku na huku kama mtu anayeua mbu. Basi, kazi imekwisha. Nilicheka peke yangu mpaka dereva akageuka kunitazama, halafu kicheko kikanigeuka, nikaomba maji ya kunawa uso. Acha nikueleze kwa nini, ndugu yangu, maana sijawahi kumweleza mtu.

Baba yangu alikuwa dereva wa meneja katika shirika moja la umma lililokuwa likinunua na kuchambua pamba. Tuliishi huko huko Mwanza, kwenye kota za wafanyakazi nyuma ya kiwanda, hatua chache kutoka ziwani. Ukifungua dirisha asubuhi ulipokewa na harufu ya mbegu za pamba na ya samaki walioanikwa juu ya mawe, na king'ora cha kiwanda ndicho kilichokuwa saa yetu. Gari lenyewe lilikuwa jeusi, refu, la viti vya ngozi. Lilikuwa mali ya shirika, lakini ungemwambia baba hivyo angekuangalia kama umemtukania mtoto. Hakuliita "hili". Aliliita "huyu". Mama alizoea kusema kwamba shati la baba anafua yeye, sahani ya baba anaosha yeye, ila "huyu" hana ruhusa hata ya kumwegemea.

Mtu pekee aliyeruhusiwa kuligusa ni mimi, binti yake wa kwanza. Kila Jumamosi kabla jua halijapanda tulichota maji ziwani kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na ole wako uzichanganye. Unaanza juu ya paa, unashuka. Tairi ni mwisho. Vioo vinafutwa kwa gazeti la zamani, vifuniko vya ringi vinasuguliwa kwa majivu yaliyochekechwa. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi walikuwa wakija kufia kwenye kioo cha mbele, na baba alinifundisha kuwalowesha kwanza kwa kitambaa chenye maji, wasije wakakwaruza.

Waksi tuliipika wenyewe. Zamani ya dukani haikupatikana, na hata miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, ilipojaza makopo madukani baba aliyanusa tu na kuyarudisha. Baba mdogo alituletea nta ya nyuki kutoka Sengerema, vipande vya kahawia vyenye mabawa ya nyuki ndani. Baba aliviyeyusha kwenye kopo la maziwa lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, akalitoa kopo nje mbali na jiko, ndipo akamimina mafuta ya taa kidogo kidogo huku akikoroga. Ilinuka asali na taa ya chemli kwa pamoja, na nguo zangu za Jumamosi zilibaki na harufu hiyo hata zikifuliwa.

Kupakia na kufutia tulitumia pamba ya kiwandani. Lakini mashine za kiwanda chetu zilikuwa zimechoka, zikiacha vipande vya maganda ya mbegu ndani ya nyuzi, na kipande kimoja kinatosha kuchora mstari kwenye rangi nyeusi. Kwa hiyo kazi yangu kubwa ilikuwa kukaa juu ya jiwe na kuichambua upya, nyuzi kwa nyuzi, mpaka nipate donge safi. Baba alilijaribu kwenye kope zake. "Likiniwasha mimi, litamuumiza na huyu," alisema, na mara nyingi alinirudishia. Likikubalika, tulipaka kwa viduara vidogo, tukasubiri waksi ikauke, halafu tukafuta mpaka nione meno yangu kwenye boneti. Wakati huo nilikuwa na mapengo mawili ya mbele, na baba alidai gari ndilo lililoyameza.

Halafu mambo yakabadilika. Wanunuzi binafsi walianza kwenda vijijini na malori yao, wakafika kwa wakulima kabla ya shirika letu. Mashine zikasimama wiki, zikasimama mwezi. King'ora kikanyamaza, na watu wa kota wakawa wanaamka saa yoyote. Kila mwisho wa mwezi orodha ya waliopunguzwa ilibandikwa mlangoni pa ofisi, na familia moja au mbili zikafunga magodoro. Katikati ya hayo, baba akaacha kuosha gari.

Leo najua sababu, nawe uijue sasa hivi, kwa sababu siku ile mimi sikuijua na ndipo palipotuponza. Meneja alimwita baba faraghani akamwambia kwamba shirika linafungwa, na wakaguzi watakuja kuandika mali zote. Gari litakaloandikwa zima litapelekwa mnadani. Litakaloandikwa chakavu atapewa dereva wake, liwe ndiyo kiinua mgongo chake, maana kingine hakipo. "Usiliguse tena," meneja akamwambia. "Liache lichakae machoni mwao." Baba alitaka kulifanya teksi pale stendi. Bila gari lile tulikuwa hatuna kazi, hatuna kota, hatuna lolote la kuanzia. Wakubwa watatu ndio waliolijua jambo hilo: meneja, baba na mama. Enzi zile mtoto hakuambiwa mambo ya namna hiyo, kwa kuwa mtoto ana mdomo.

Nilichokiona mimi ni gari linalozeeka chini ya banda. Vumbi likalijaa. Korongo wale wenye vipara wakalifanya choo. Wadudu wakaganda kwenye kioo, na baba akawa anapita njia ya nyuma ya choo cha kota asilione. Chakula alikigusagusa tu. Shuleni wenzangu walinicheka kwamba baba yangu amekata tamaa. Niliona aibu, na zaidi ya aibu nilimwonea huruma, kwa sababu sikuwahi kumwona mtu mzima akilikwepa gari kama anadaiwa nalo salamu.

Ijumaa moja, kupitia ukuta wa chumbani, nilimsikia akimwambia mama, "Jumatatu wanakuja kuliandika chakavu." Mama akajibu kitu ambacho sikukipata. Sauti ya baba ilikuwa inatetemeka, nami nikajua analia.

Neno lile nililijua vizuri. Mwalimu wetu wa darasa la tano alikuwa na kawaida ya kukagua sare kila Jumatatu. Aliyepasuka kola au kuchanika pindo aliambiwa "chakavu", akarudishwa nyumbani mbele ya shule nzima. Mimi mwenyewe nilirudishwa mara moja, nikatembea njia yote nimeshika kola. Kwa hiyo nilichosikia ukutani ni kwamba Jumatatu watu wanakuja kumwaibisha baba yangu na kumfukuza. Na dawa ya kuandikwa chakavu niliijua: mama alinifulia, akanishonea, akanipigia pasi, na Jumanne nikapokelewa.

Jumamosi wazazi walikwenda Magu kumzika shangazi yake baba. Tuliachwa kwa mama jirani. Jumapili wenzangu walipokwenda kanisani nilisema naumwa tumbo, nikachukua ndoo mbili nikaenda bandani. Mlinzi wa kiwanda, mzee wa Kisukuma ambaye "r" haikuwahi kukaa mdomoni mwake, akanifuata.

"Baba yako amelusu uoshe gali?"

"Shikamoo babu. Ndiyo, ameniagiza."

"Malahaba. Haya, lete ndoo moja nikusaidie."

Uongo wangu ulikuwa mdogo namna hiyo. Babu wa watu akanichotea maji mpaka mchana, akipasua njia kwenye magugumaji yaliyokuwa yameziba ufuko. Kinyesi cha korongo nilikilowesha na kukibandua kwa kucha, nisikwaruze. Waksi ilikuwa imebaki chini ya kopo, ngumu. Nikailainisha juani, nikaipaka nyembamba sana ili itoshe. Pamba niliichambua kama nilivyofundishwa, nikajaribu kila donge kwenye kope zangu. Vidole vikavimba, vikawa vyeusi. Jioni niliinama juu ya boneti nikaona meno yangu, yote sasa, mapengo yameshajaa. Sikumbuki siku nyingine katika utoto wangu niliyojisikia mtoto mwema kiasi kile.

Wakaguzi walifika Jumatatu mapema. Walikuwa wawili, wenye mafaili, na meneja aliwatangulia. Alipofika bandani alisimama ghafla, nikadhani amefurahi. Walilizunguka. Walifungua milango, wakawasha, likawaka mara moja. Baba alitokea getini wakati huo, ametoka moja kwa moja kwenye basi lililoondoka Magu Jumapili jioni likaharibika njiani, koti lake la msibani mkononi. Nilikuwa nimeficha mikono nyuma, namsubiri acheke.

"Shikamoo mzee," mkaguzi mmoja akasema. "Dereva wa hili ni wewe?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Hongera sana. Kote tulikopita hatujakuta gari lililotunzwa namna hii. Ni kama jipya."

Baba akasema asante. Mkaguzi akaandika neno moja kwenye karatasi yake, na meneja akatazama ziwani. Walipokwenda kwenye malori ya shirika, baba alipitisha kiganja juu ya boneti polepole, kisha akaniita nioneshe mikono. Akaigeuza, akatazama vidole vilivyovimba.

"Ulianzia juu?"

"Ndiyo, baba."

"Vizuri," akasema. Akaenda nyuma ya banda, na mlinzi aliyemfuata akarudi haraka, akaniambia nikacheze nyumbani.

Mama alirudi Alhamisi, baada ya kuondoa tanga. Habari ya gari kuandikwa zima ilimpata getini. Tulikuwa tumeketi kwenye mkeka tunakula alipoingia na mzigo bado kichwani, akauliza nani kaliosha gari. Alisema yote pale pale, mbele yetu: chakavu, teksi, kota tunayotakiwa kuihama, watoto tutawapeleka wapi. Ndivyo nilivyopata kuelewa, tonge likiwa mkononi. Nikafungua mdomo.

"Mimi," baba akasema. "Nilirudi usiku, nikaliona, nikashindwa kuvumilia." Akanisogezea bakuli la mboga. "Kula."

Mama alimwamini. Ni nani asingemwamini? Kota nzima ilijua alivyolipenda lile gari, na mlinzi aliyenichotea maji aliitunza siri ya baba.

Lilinunuliwa mnadani na tajiri wa minofu ya samaki. Tulikuwa tukiliona mjini limebeba makasha ya barafu, matope hadi madirishani, bampa limefungwa waya. Sisi tulihamia chumba kimoja huko juu mawe yanakoanzia, tukawa watu wa kula mapanki, yale mafupa ya sangara yanayobaki viwandani mnofu ukishakwenda Ulaya. Mama aliyakaanga na kuyauza barabarani, moshi ukamharibu macho. Baba aliosha mabasi ya watu ufukweni, amesimama majini hadi magotini kuanzia asubuhi. Sikuruhusiwa kumsaidia. Kichocho kilimpata, baadaye ini, na alifariki nikiwa kidato cha tatu. Katika miaka ile yote hakunitajia ile Jumapili hata mara moja, wala mimi sikumtajia.

Mama aliishi zaidi ya miaka ishirini baada yake. Mdogo wangu alipokosa karo, paa lilipovuja, sufuria ilipotoboka, alisema jambo lile lile: "Baba yenu alipenda sifa kuliko watoto wake." Wadogo zangu walikua nalo, na mpaka leo wakimsimulia baba wanasimulia mtu mwenye majivuno aliyewaponza wanawe. Kaburi lake mama hakulijengea. Nilipoanza kazi nikataka kulijengea mimi, akasema fedha hiyo ni bora ninunulie mbuzi, nami sikubishana naye. Nilijua kwamba siku nitakayomtetea baba itabidi niseme nani aliosha, na nilikuwa napendwa sana na mama, ndugu yangu. Nilikuwa mtoto wake aliyemtoa kwenye moshi.

Kiwanda siku hizi ni ghala la saruji. Banda limevunjwa, ufuko una ukuta, na vijana wa Igoma hawajui kwamba waksi iliwahi kupikwa. Ningeweza kukuambia kwamba hayo ndiyo yaliyoniliza pale barabarani, lakini ningekuwa nakudanganya.

Mwaka juzi mama alilazwa, na usiku mmoja wa mwisho akiwa na akili zake timamu aliniambia kwamba hana hofu. Akifika huko atamtafuta baba, akasema, na hatamgombeza. Atamuuliza kitu kimoja tu: aliosha kwa nini. Tulikuwa wawili tu chumbani. Nilimfunika shuka mpaka mabegani, nikamwambia apumzike, asubuhi tutaongea. Hakuamka. Amekwenda na swali lake kwa baba, ambaye hakuosha, na jibu nimebaki nalo mimi huku.