Tulimpigia mgeni makofi, akaandika tumekubali chemchemi ifukiwe

Wakuu, salaam kwenu nyote, na wale mnaosoma kimya kimya pia nawaona.

Hiki kisa kimetupata sisi wenyewe hapa Joburg na sitatia chumvi. Kama kuna mtu wa Kensington humu, anisute nikidanganya.

Mimi ni Mluguru wa Morogoro. Shemeji yenu ni mwenyeji wa huku, alikuja kwetu enzi za harakati za ukombozi, akanioa. Mambo yalipobadilika mwaka 94 akanileta kwao. Kiswahili anakimwaga kuliko wapwa zangu wa Dar.

Sasa, chini ya mtaa wetu kuna bonde. Wenyeji wanaita vlei, yaani mahali pa tope na matete ambapo maji yanatoka yenyewe ardhini.

Kinamama tulikuwa tunalima mboga pale. Wakongo wa kanisa la Mchungaji Ilunga walikuwa wanabatizia kwenye kidimbwi chake. Mara ya kwanza kuchuma mchicha wa mbegu alizonitumia mama, nililia palepale na wala sikuona aibu. Nchi ya watu hii, bwana, ukipata pa kuchuma mboga unashukuru.

Kampuni moja ikanunua lile eneo ijenge townhouse, zile nyumba za kuungana. Kabla hatujajua vizuri, malori yakaanza kumwaga kifusi ukingoni.

Sheria za huku zinataka wakazi waitwe, waelezwe, watoe maoni. Basi kampuni ikamtuma consultant wake, akaja kwenye ukumbi wa kanisa na suti na projekta. Akatuonyesha picha za nyumba za vigae vyekundu, Kiingereza kirefu kama treni ya mizigo. Alipomaliza akauliza kama kuna swali.

Kimya.

Jamani, mnatujua. Mgeni hapingwi mbele za watu. Utamfuata pembeni baadaye, umwambie taratibu. Mchungaji akasimama kama mwenyeji, akaomba tumshukuru kwa kufika, na Mswahili akiambiwa makofi anapiga, awe ameelewa au hajaelewa. Tukampigia ya kilo. Mgeni akaondoka anatabasamu, sisi tukarudi tukimsifu kuwa ana adabu.

Wiki kadhaa zikapita. Shemeji yenu akaenda maktaba kurudisha vitabu, akakuta ripoti ya mradi imewekwa pale watu waisome. Akaja nyumbani uso umemshuka.

Akaniambia, "Mama, mmekubali bonde lifukiwe."

Nikamuuliza nani kakubali. Akasema imeandikwa kwamba wakazi walionyesha kuunga mkono mradi kwa makofi ya muda mrefu.

Wakuu, nilikasirika mpaka maharage yakaungua jikoni nasikia harufu na siendi.

Bahati nzuri huyu mwanaume amekulia kwenye mikutano ya harakati. Akatuita nyumbani kinamama na Mchungaji, akatueleza sheria ya maji ya mwaka 1998. Enzi za makaburu mwenye ardhi ndiye alikuwa anajitawalia na maji yanayopita kwake. Sheria mpya ikafuta hilo. Maji ni ya taifa zima, serikali inayatunza tu kwa niaba ya watu. Ukitaka kufukia bonde la maji au kugeuza njia yake, lazima idara ya maji ikupe leseni. Na muda wa kutoa maoni ulikuwa haujaisha.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Wakongo wengi walikuwa na karatasi za ukimbizi za kuomba upya kila mara, nani atie jina lake kupinga watu wenye hela? Mchungaji akasema tukinyamaza tena, hata yeye ataamini tumekubali. Akawa wa kwanza kutia saini barua ya kupinga, nami nikafuata.

Tukaomba idara ije ione kwa macho.

Akaja dada mmoja afisa, mweusi, mdogo wa umbo, na gumboots zake. Consultant naye alikuwepo pamoja na tajiri wa kampuni. Consultant akaeleza kwamba hicho ni kidimbwi cha maji ya mvua tu.

Sasa ilikuwa Agosti. Huku Agosti mvua ni hadithi, majani ya mji mzima yamekauka rangi ya katani, na pale bata walikuwa wanaogelea. Afisa hakubishana. Akachoma ardhini chombo cha kuchimbulia udongo, akatoa udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu, akatuonyesha wote. Akasema udongo hauwi hivyo kwa mvua ya msimu mmoja, umekaa na maji miaka na miaka.

Kisha akauliza habari za yale makofi. Mchungaji akajibu kwa Kiswahili cha kwao, mume wangu akimtafsiria afisa:

"Siye hatukukubali kitu. Tulimupigia makofi juu alikuwa mugeni."

Yule dada akainamisha uso, nadhani alikuwa anazuia kicheko. Tajiri akaja juu, akasema ardhi ni yake, amelipia.

Dada akamjibu polepole, "Ardhi ni yako. Maji si yako."

Nikataka kumkumbatia.

Lakini subirini. Akatugeukia na sisi. Akasema matuta yetu yameingia mno kwenye tope, tunakata matete yanayochuja maji, tusogee juu. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Nilihamisha matuta yangu nikinung'unika siku nzima, ila nikahamisha.

Majibu yalichelewa mpaka tukakata tamaa. Yalipofika: leseni imekataliwa, na kampuni iondoe kifusi chake chote.

Siku malori yaliporudi kukizoa, kinamama tulibeba viti na chupa za chai tukakaa juu ya mteremko kama tuko harusini. Kila lori likijaa na kuondoka, vigelegele. Dereva mmoja akatupungia mkono. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile katika nchi hii, niwe mkweli.

Nilichojifunza: sheria nzuri ilikuwepo miaka yote ile na malori yalimwaga kifusi mbele yake. Ilitusubiri sisi tufungue mdomo. Heshima kwa mgeni ni jambo jema, lakini akiuliza kama una swali, uliza.

Na wewe unayesoma, huko kwenu mto au msitu gani unaliwa huku mikutanoni mmeitwa mkakaa kimya? Utaje hapa chini. Anzeni nyie wa Moro wenzangu, najua mnajua ninachosema.