Injini ya Wadha na Vikombe Kumi na Viwili

Wadha wa Karak alikuwa dereva wa walimu. Kwa miaka sita aliteremka bondeni kila asubuhi na walimu kumi na mmoja wa shule ya wasichana, na mchana akapanda nao mlima uleule uliokwishaua injini za wanaume wengi wenye sharubu na maneno mengi. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili, mama wa Sayil, mnene, mwepesi wa kucheka, na baba za walimu wale wasingekubali binti zao waendeshwe na mtu mwingine. Basi lake dogo la sasa alilichukua jipya kwa wakala huko Amman. Nailoni za viti hakuzitoa mpaka walimu walipogoma kupanda.

Gari halijatimiza miaka miwili, Jumanne moja, katikati ya mlima, taa ya oili ikawaka. Injini ikagonga mara tatu kama mtu anayebisha hodi, kisha kimya.

"Mama Sayil, umeiua?" akauliza Itidal, mwalimu mkuu, kutoka kiti cha mbele ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukikalia.

"Mie? Imejiua yenyewe, hata kuniaga haikuniaga."

Fundi wa Karak aliitazama akatikisa kichwa. Imenoki, akasema, hapo hapana cha kugongagonga, inatakiwa injini nzima. Wadha hakuogopa, kwa kuwa gari lilikuwa na dhamana ya kiwanda ya miaka mitatu. Likavutwa mpaka Amman, kwenye uwanja wa wakala.

Meneja wa wakala, Bwana Hazim, alikuwa mtu mpole, na upole wake ulichosha kuliko matusi. Alifungua kitabu cha sevisi, akaona mihuri yote ni ya fundi wa Karak, si ya wakala, akasema kwa masikitiko kwamba dhamana imekufa. Wadha akaandika barua kiwandani, ng'ambo huko. Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, mistari mitatu: tafadhali muone wakala wetu. Wakati huo ofisi ya elimu ilikuwa imempa mpaka mwisho wa mwezi. Asipokuwa na gari, kazi inakwenda kwa kampuni, na Wadha hakuwa na kazi nyingine duniani anayoijua wala anayoipenda.

"Basi," alisema Itidal, "tunakwenda jaha."

Wadha alicheka mpaka akashika ubavu. Jaha ni shughuli ya wanaume. Wazee wenye majoho hufunga safari kwenda kuomba mke, au kuomba damu iliyomwagika isamehewe. Mwenyeji huwamiminia kahawa, nao huiweka chini bila kuigusa mpaka ombi lao likubaliwe, na mwenyeji anayewaacha wageni waondoke na kahawa haijanywewa hana pa kuuweka uso. Jaha ya wanawake hakuna aliyewahi kuisikia, tena kwa ajili ya injini.

"Tunamposea nani, Mwalimu? Hiyo injini?"

"Ndiyo. Na mahari atatoa Bwana Hazim."

Wakaenda, asubuhi ya Jumamosi, wote kumi na wawili, wamevaa nguo za harusini. Na hapa ndipo Bwana Hazim alipokosea. Angewaagizia chai ya vikombe vya karatasi, mambo yangeishia hapo. Lakini alikuwa mtoto wa Tafila, kusini kulekule kwa kina Wadha, ameona wageni wa kusini wamejaa ofisini kwake, damu ikamtuma. Akaleta dele la kahawa, akamimina kwa mkono wake mwenyewe, kikombe baada ya kikombe.

Itidal alipokea chake akakiweka mezani. Aliyefuata akaweka. Wakaendelea hivyo mpaka kwa Sajida, mdogo wao, aliyekuwa akitapika kila kona ya mlima. Naye akaweka chake, na Wadha chake.

Bwana Hazim alibaki ameshika dele, rangi imemtoka. Alijua vizuri mno alichokuwa akikitazama.

Wadha aliwaangalia, mwili ukamsisimka. Hawa ndio wale wanaogombania dirisha. Hawa ndio wanaopakana wanja garini na kumsengenya mkaguzi wa shule. Sasa wamekaa wima, kimya, na ofisi nzima imekuwa kama mahali pa ibada. Hakuwahi kudhani kwamba kila asubuhi alikuwa amebeba watu wazito namna hii. Tena wamekuja kwa ajili yake.

Itidal akasema bila kupandisha sauti. "Hatukuombi injini mpya. Tunaomba ile iliyokufa ifunguliwe mbele ya macho yetu, na mhandisi wa kiwanda awepo. Kosa likiwa letu, tutaondoka bila neno. Huyu mama hajachelewesha oili hata siku moja. Naiweka heshima yangu juu ya hilo."

Wadha akasogeza kiti nyuma. Akasimama.

"Mwalimu, hilo liondoe."

"Kaa, Mama Sayil."

"Sikai. Nilichelewesha. Mwezi ule wa theluji, kilomita elfu mbili. Fundi akanionea huruma, akaandika namba nyingine kitabuni."

Itidal akainua macho. "Ndiyo unasema leo?"

"Nimesema kabla hamjanywa."

Mwalimu mkuu akamgeukia meneja. "Umesikia. Na hilo litie kwenye mizani. Ombi letu ni lilelile."

Bwana Hazim aliweka dele chini taratibu. "Miaka kumi na tisa niko kwenye kiti hiki," alisema. "Sijamwona mteja anayejishtaki mwenyewe. Kunyweni kahawa yenu."

Wakanywa wote, isipokuwa Wadha. "Yangu bado," alisema, akakichukua kikombe chake, akashuka nacho gereji.

Mhandisi wa kiwanda, ambaye siku zile alikuwa Amman kufundisha mafundi, alilala chini ya gari mwenyewe. Akafungua sampo, bakuli la oili lililo chini ya injini, akaingiza kidole kwenye mdomo wa bomba linalonyonya oili. Akatoka na kipande cha gundi, kimekauka, hakifiki hata bamia changa.

Akakigeuza mwangani. Masikio yakamwiva kwa aibu. Alisema, na Bwana Hazim akatafsiri polepole: gundi hii ni ya kiwandani, ndiyo iliyoziba njia ya oili, na sampo hii haijafunguliwa tangu ifungwe kule. Hata oili ingebadilishwa kila wiki, siku hii ingefika.

Kisha akamkabidhi Wadha kile kipande kwa mikono miwili.

Wadha aliinama akachungulia ndani ya injini, kwenye vile vyuma vilivyombebea walimu wake mlimani, na hofu ya ajabu ikamwingia. Kitu kidogo hivi kimekaa chini yake karibu miaka miwili, kinangoja. Nyuma yake walisimama wanawake kumi na mmoja walioshuka naye.

"Injini mpya itafika kabla ya mwisho wa mwezi," alisema Bwana Hazim. Hakuna aliyekuwa amemwomba.

Kahawa ilikuwa imepoa, juu yake kuna vumbi la gereji. Wadha akainywa yote, akakitikisa kikombe kama mgeni aliyetosheka, akamrudishia mwenyeji wake.