Marahaba za Baba

Miaka ile mitumba na soda za kila rangi zilipoanza kujaa madukani Makambako, nilikuwa muuguzi wa usingizi katika hospitali ya misheni nje ya mji wa Njombe. Nilikuwa nimelaza watu wengi kwa dawa ili wapasuliwe. Siku walipomleta baba yangu kutoka Kifanya, nilikagua sindano zangu mara mbili.

Baba alikuwa amepasua mbao na kuvuta kiko maisha yake yote. Mapafu yake yalishatanuka na kulegea, na jana yake moja lilitoboka. Hewa ilivujia kifuani, ikalibana. Alikaa ameinama mbele: maneno mawili, pumzi, maneno mawili.

Ndugu nao wakamiminika wodini. Kila mmoja na shikamoo yake, na baba akamwitikia kila mmoja, akauliza watoto, mahindi, ng'ombe, maana kwetu mtu mzima haitikii nusunusu. Nikaona pumzi zake zinaishia kwenye adabu. Nikasimama mlangoni nikafoka, "Hakuna kumsalimia mzee huyu!"

"Yaani shule ndiyo imekufundisha hivyo?" shangazi akaniuliza. Nikawatoa wote nje.

Daktari alitaka baba alazwe usingizi ili atulie wakati wa kuwekewa mpira wa kutoa hewa kifuani. Nikakataa. Ningemlaza, ningelazimika kumsukumia hewa, na hewa hiyo ingepita kwenye tundu la pafu na kumbana mpaka afe.

"Ganzi tu, akiwa amekaa," nilisema, kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Daktari akanitazama, kisha akavaa glovu.

Nikamchoma baba ganzi kati ya mbavu. Nikazunguka kitanda, nikashika mapigo, nikatazama kucha, nikarudi kwenye mapigo. Mashine ya kumpima pumzi hatukuwa nayo, nikatumia kile kile nilichopiga marufuku.

"Shikamoo, baba."

"Mara... haba."

Daktari akapasua kidogo, akaingiza mpira, ncha yake nyingine ikiwa ndani ya chupa ya maji.

"Shikamoo, baba."

Kimya. Macho ameyafumba. Nikasema tena, karibu nalia. Mapovu yakaanza kutoka chupani, mengi, mfululizo: hewa iliyombana ilikuwa inatoka. Nikasema mara ya tatu.

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani kwako hamjambo? Mahindi je? Na shangazi yako umeshamwomba radhi?"

Aliyasema yote kwa pumzi moja. Nikatoka nje kumtafuta shangazi.